Sheria ya biashara inanitoa machozi, Kiingereza chake si kile tulifundishwa shule. Nyinyi msio wanasheria mnasomaje?

nyota_kondele, Kisumu

Habari zenu wote. Niko mwaka wa pili, nasomea ununuzi na ugavi hapa Kisumu, na muhula huu tumepewa uniti ya sheria ya biashara. Si mimi niliichagua, ni lazima, bila hiyo humalizi kozi. Uhasibu nimepita vizuri, uchumi pia, hesabu sina shida nazo. Hii ya sheria ndio imenishika koo, na nikisema machozi ni machozi ya kweli, wiki jana nililia maktabani hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Si uvivu jameni. Nasoma. Kamusi iko kando. Neno mojamoja nalijua lakini yakishapangwa pamoja sioni wanasema nini. Nyumbani tunaongea Dholuo, nikitoka nje ni Kiswahili, Kiingereza nilikipata darasani, kwa hivyo kwangu hata si lugha ya pili, ni ya tatu. Na kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata B ya Kiingereza nikajua nimeshafika.

Sasa sikieni mtihani wa katikati ya muhula ulivyoenda. Nilipata 11 kwa 30. Swali la kwanza, eleza "neighbour" ni nani katika sheria ya uzembe. Nikaandika jirani ni mtu mnaishi naye ploti moja ama mpaka wenu unakutana, nikaweka hata mfano wa ploti yetu na ule mfereji tunaogombania. Mwalimu akapiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. "Invitation to treat" nikasema ni kualika mtu umnunulie chakula, juu najua "treat" ni hiyo ama kutibu mgonjwa. Sufuri. "Consideration" nikaandika ni kumfikiria mwenzako, kuwa na utu. Sufuri tena. Yaani kila neno nilijibu lile ninalolijua, na kila moja likawa si lenyewe.

Wenzangu wananiambia kariri umwage, na wengine kweli wanapita hivyo. Mimi kitu sikielewi hakilali kichwani. Halafu kuna jambo lingine. Mama yangu anauza mitumba soko la Kibuye. Mwaka jana aliletewa karatasi ya mkopo na rafiki yake wa soko, akanipa nisome kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Nikasoma, nikaona "jointly and severally", nikamwambia iko sawa, wewe weka sahihi. Rafiki amehama soko na sasa mama anadaiwa pesa zote peke yake. Nilijifanya nimeelewa na sikuwa nimeelewa. Kwa hivyo sitaki kupita tu, nataka kujua hii kitu inasema nini.

Kama kuna mtu amepitia hii njia na yeye si wa kozi ya sheria tafadhali aniambie alifanyaje.


mkulima_njoro, Nakuru

Dada pole sana, na pole kwa mama. Mimi nilirudi darasani nikiwa na miaka 43, diploma ya biashara ya kilimo, masomo ya jioni, nikitoka shambani na matope kwa viatu. Sheria ilikuwa uniti ya pili na nilitaka kuacha kozi yote juu yake.

Kilichonisaidia ni kuacha kuanza na neno la kitabu. Nilianza na kitu ambacho nimeshakiona kwa macho yangu halafu ndio nikakibandika Kiingereza. Hiyo "consideration" yako ilinisumbua mimi pia mpaka siku moja nikawa nasoma ile sheria ya usimamizi wa ardhi ya kilimo, Land Control Act, ambayo naijua kwa sababu nilishawahi kununua ekari moja na nusu na nikapelekwa mbele ya bodi kuomba idhini. Kifungu cha 7 kinasema hivi, kama mauziano yamekuwa batili kwa kukosa idhini ya bodi, pesa au "valuable consideration" iliyokuwa imelipwa inaweza kudaiwa kama deni. Nikasimama hapo. Kumbe "consideration" ni ile kitu nilitoa ili nipate shamba! Ile bei. Na si lazima iwe pesa, inaweza kuwa ng'ombe, inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa ahadi ya kufanya kitu. Na haiangaliwi kama bei ni nzuri ama mbaya, inaangaliwa kama kuna kitu cha thamani kimetolewa. Mjomba akikuahidi ndama bure halafu abadilishe nia, hapo hujatoa kitu, huwezi kumpeleka kortini ukisema ni mkataba. Ukimwambia nitakuchimbia shimo la choo unipe ndama, na akubali, hapo kitu kimetoka kila upande.

Tangu siku hiyo kila somo nalieleza kwa Kiswahili kwanza, najirekodi kwa simu nikienda kukamua, nasikiliza jioni. Sikuandika Kiingereza hata mstari mmoja kabla sijaweza kuisema kwa Kiswahili bila kukwama. Nilipita. Geuza kila kitu kiwe Kiswahili dada, kila kitu, ndio dawa.


karani_mstaafu, Kakamega

Binti yangu nimekusoma mara mbili. Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama za chini kwa miaka 27, Kiingereza, Kiswahili na Kiluhya, na sasa niko nyumbani na kuku. Ndugu yangu wa Njoro amesema vizuri sana juu ya kuanza na ulichokiona. Lakini hapo kwa kugeuza kila kitu Kiswahili naomba nimpinge kwa heshima, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na najua inavyouma ikienda vibaya.

Chukua neno dhamana. Mtu akishikwa anaachiliwa kwa dhamana. Anayemsimamia anaweka dhamana. Mkopo una dhamana. Redio mpya ina dhamana ya mwaka mmoja. Sisi tuna neno moja, Kiingereza cha sheria kina bail, bond, surety, guarantee, security, warranty, na kila moja ina mlango wake. Ukiandika daftari lako lote dhamana dhamana dhamana, siku ya mtihani utafungua mlango usio wako. Haki ni hivyohivyo, kuna haki yangu ya kulipwa na kuna haki ambayo jaji anatenda, Kiswahili hakitofautishi, Kiingereza kinatofautisha. Kwa hivyo elewa kwa Kiswahili, ndiyo, elewa hata kwa Dholuo, lakini lile neno la sheria liache kama lilivyo, liandike kwa lugha yake na ulipe hadithi yake kando. Usilitafutie pacha. Mengi hayana pacha.

Nikupe kisa. Kijana alishtakiwa kumjeruhi mwenzake. Mashtaka yakasomwa, tukamwuliza kama kawaida ya mahakama, ni kweli au si kweli? Akasema ni kweli. Ukiishika hiyo na kuigeuza haraka umeshamtia hatiani. Lakini yule kijana alikuwa bado anaongea, akasema ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye alikuja na panga. Sasa hiyo si kukubali kosa, hiyo ni kujitetea. Niligeuza yote, neno kwa neno, na hakimu akaandika kwamba amekana. Kuna kesi ya 1973 inaitwa Adan dhidi ya Jamhuri, ndiyo iliyoweka utaratibu huo, kwamba mashtaka yaelezwe kwa lugha mtu anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, na akileta jambo linaloonyesha kwamba hakubali kweli, ibadilishwe iwe amekana. Neno "kweli" peke yake lilikuwa linaweza kumfunga mtu. Nilikuwa nikitoka hapo jioni sisemi na mtu.

Na usione haya kwamba lugha inakushinda. Katiba yenyewe inajua, kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Mahakama za chini zinaruhusiwa Kiingereza au Kiswahili, Mahakama Kuu ni Kiingereza. Wenzetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi bado, na mtihani wako utakuja kwa Kiingereza, kwa hivyo lazima tukufikishe huko.


nyota_kondele

Asante mzee, asante ndugu wa Njoro. Hadithi ya ndama nimeielewa mara moja, na nimekaa nayo tangu jana usiku, nilikuwa nimesoma hiyo mada mara sita.

Lakini niko na swali. Mzee anasema neno nisiligeuze, sawa. Sasa nikishaelewa nitaandikaje jibu kwa Kiingereza? Kichwani naona kila kitu halafu nikishika kalamu inatoka sentensi ya kitoto, na mwalimu anaandika pembeni "vague", yaani jibu haliko wazi. Ama nifuate zile sentensi ndefu za kitabu? Nikijaribu kuzifuata napotea katikati yangu mwenyewe.


sista_webuye, Bungoma

Niko zamu ya usiku kwa hivyo nitaandika mbiombio. Mimi ni nesi, nilirudi kusomea digrii na kuna uniti ya sheria na maadili ya afya. Swali langu la kwanza darasani lilikuwa mbona sheria ya mtu kudhuriwa inaongea juu ya betri, kumbe "battery" ni kumgusa mtu mwilini bila ridhaa yake, hata sindano ya kumponya ikiwa hakuikubali inaweza kuwa hiyo. Nilivyoelewa nilishtuka, nikaanza kuwaza ni mara ngapi nimempa mama mjamzito karatasi ya ridhaa nikamwambia tu weka kidole hapa. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango chake cha elimu. Saa hii naeleza kwa Kibukusu mwanzo mwisho, kisha namwambia sasa wewe niambie tumekubaliana nini. Akishindwa kusema, naanza tena. Hata mimi nasoma hivyo, wenzangu wawili na mimi tunaketi baada ya zamu, mmoja anaeleza wengine wanamkatiza. Ukishindwa kueleza bila kutumia lile neno lenyewe, hujalielewa.

Sentensi fupi zinatosha dada. Mimi niliandika fupifupi na nilipita. Naitwa wodini, kwaherini.


wakili_kando_ya_ziwa, Kisumu

Nimekuwa wakili miaka kadhaa hapa mjini na jioni nafundisha wanafunzi wa uhasibu somo hilihili, kwa hivyo haya malalamiko nayasikia kila muhula na yananigusa sana, juu naona watu wenye akili wakijiita wajinga.

Nyota, kwanza jua hili, hicho si Kiingereza ulichokosa kufundishwa. Ni lugha nyingine imevaa nguo za Kiingereza. Judicature Act, sheria inayosema korti zetu zifuate nini, inataja mpaka siku, sheria za Uingereza zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na common law na equity, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji wa Uingereza, zikaja na maneno yake yote. Hata mwanafunzi wa sheria mwaka wa kwanza, hata Mwingereza mwenyewe, anaanza kwa kudhani "consideration" ni kufikiriana. Tofauti ni kwamba wao wanapewa miaka minne na nyinyi mnapewa muhula mmoja.

Sasa "neighbour". Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, mama mmoja aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye alinunua soda ya tangawizi, chupa nyeusi huoni ndani. Mama akanywa, ilipomiminwa iliyobaki inasemekana akatoka konokono ameoza. Akaugua. Sasa amshtaki nani? Hakununua yeye, kwa hivyo hana mkataba na mwenye mkahawa, na kiwanda ndio kabisa hajawahi hata kuonana nacho. Kesi ikafika House of Lords, iliyokuwa korti ya juu kabisa huko, ikaamuliwa 1932, Donoghue v Stevenson, majaji watatu dhidi ya wawili. Lord Atkin, mmoja wa majaji hao, akasema jirani yako katika sheria ni yule mtu ambaye kitendo chako kinamfikia kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumweka akilini ulipokuwa unakitenda. Mwenye kiwanda alipaswa kumfikiria atakayekunywa. Ploti haihusiki. Dereva wa matatu pale stendi ya Kisumu ana majirani wake kutoka hapa hadi Busia, kila mtu barabarani.

"Invitation to treat" nenda kwa mama yako Kibuye utaiona. "Treat" hapo ni ya zamani, maana yake kujadiliana bei. Koti likiwa limetundikwa na bei yake, mama hajatoa "offer" bado, yaani ahadi ya kuuza inayongoja tu kukubaliwa, anawaita watu waje kuzungumza. Mteja akisema nipe hilo kwa mia tatu, yeye mteja ndiye ametoa offer, na mama ana hiari ya kukubali au kukataa. Kesi yake ni Fisher v Bell ya 1961, duka lilionyesha kisu dirishani kikiwa na bei, ikaamuliwa kwamba kukionyesha si offer ya kukiuza.

Kuhusu kuandika. Usifuate sentensi za kitabu, hizo ziliandikwa na watu waliotaka kuziba kila tundu. Wewe jiulize kwanza kichwani kwa lugha yoyote, wanabishania nini? Sheria inasema nini juu ya hilo? Hawa watu wa swali, huyu na yule, sheria inawagusa vipi? Kwa hivyo nani ana haki? Halafu andika kila jibu kwa sentensi mbili tatu za Kiingereza cha kawaida, fupi, kwa mpangilio huohuo. Mwalimu akiandika "vague" mara nyingi si lugha anayolalamikia, ni kwamba umesema sheria kisha ukaruka kwa uamuzi, hukuonyesha inavyomgusa huyo mtu wa swali. Hapo kwa kumgusa ndipo alama nyingi ziko. Na maneno ya mzee wa Kakamega yashike, lile neno la sheria liweke lenyewe, offer ibaki offer, "condition" usiigeuze kuwa "important term" hivihivi, maana kwa mauzo ya bidhaa condition ikivunjwa unaweza kurudisha mali yote, warranty ikivunjwa unadai fidia tu.

Ukisoma kifungu kirefu tafuta kitenzi kwanza. Nani, lazima au anaweza, afanye nini, isipokuwa lini. "Shall" na "may" zipigie duara. Jaribu na Employment Act ya 2007, kifungu cha 9, ni kizuri cha kuanzia, kinasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu na zaidi uwe wa maandishi, na kama mfanyakazi haelewi lugha ya mkataba, mwajiri lazima ahakikishe mfanyakazi ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Sheria zote ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law.

Ya mama sasa, na hii naisema polepole. "Severally" hapo si mara kadhaa. "Jointly and severally" ni kwamba wote wawili kwa pamoja wanadaiwa deni lote, na pia kila mmoja peke yake anadaiwa deni lote. Mkopeshaji anaruhusiwa kumfuata aliye karibu. Na sahihi kwa kawaida inamfunga mtu hata kama hakusoma, hiyo ni tangu L'Estrange v Graucob ya 1934, mama wa mkahawa Wales alinunua mashine ya kuuza sigara, akatia sahihi karatasi bila kuisoma, ikamfunga, isipokuwa kama kuna aliyemdanganya juu ya kilichomo. Lakini mama akilipa, ana haki ya kumdai rafiki yake sehemu yake. Hilo halijaisha kwa kuwa ametoroka soko. Tafuteni wakili aione hiyo karatasi yenyewe, mimi sijaiona.


nyota_kondele

Wakili nimesoma hii nikiwa nimeketi na mama kibandani. Nilimweleza kwa Dholuo, deni lote juu yenu wawili, deni lote juu yako peke yako pia. Akaniuliza, kwa hivyo naye Achieng' (yule rafiki aliyehama soko) ananidai ama mimi ndio namdai? Nikamwambia wewe ukilipa, wewe ndio utamdai. Akanyamaza, halafu akasema basi niandikie hiyo kwa karatasi, nisije nikasahau.

Na nimejaribu swali la jirani upya, kwa Kiingereza, sentensi nne. Nitaziweka hapa kwa Kiswahili mniambie kama nimeshika. Wanabishania kama kiwanda kilikuwa na wajibu kwa mtu asiyenunua. Sheria inasema una wajibu wa kuwa mwangalifu kwa jirani yako, yaani kila mtu anayeweza kuumia. Mnywaji alikuwa jirani kwa sababu chupa ilifungwa kiwandani na hakuna aliyeweza kuona ndani kabla hajainywa. Kwa hivyo kiwanda kilikuwa na wajibu.


wakili_kando_ya_ziwa

Ya tatu ni nzuri sana, hiyo ndiyo "kumgusa" niliyokuwa nasema, usiiguse tena. Ya pili rekebisha, si kila mtu anayeweza kuumia, ni yule uliyepaswa kumfikiria kwa akili ya kawaida kwamba ataumia. Ukiacha "kila mtu" umefungua mlango mpana kuliko Lord Atkin. Andika tena utume.


karani_mstaafu

Na mwambie mama hiyo karatasi yako aiweke pamoja na ile ya mkopo, bahasha moja, na asimpe mtu yeyote hizo karatasi zenyewe, ampe nakala.